Ngozi ya Tela

Mifupa ya tela ilisimama mwezi mzima uani kwetu, Konde:
vyuma vya pembe alivyoviunga Shaame kwa mashine ya kuazima,
ekseli ya gari iliyokwishazikwa, magurudumu mawili yasiyofanana.
Kuku wakahamia humo.
Bi Kazija akachungulia juu ya ukuta, akauliza
tunataka kufuga ndege gani, mbona tundu kubwa hivyo.

Mwaka jana tulikwenda dago la karafuu
na turubai lenye matundu matatu niliyoyajua,
na la nne nililolijua usiku.
Mvua ya vuli ikamkuta Raya na homa.
Nilimfunika magunia. Alipopona
nywele zake zilinukia karafuu mpaka Ramadhani.
Baba yake alinyamaza wiki nzima,
kisha akasema, huku anakuna sufuria:
ntajenga chumba kinachokwenda.

Bati tulilipata kwenye mapipa, manane,
ya mafuta ya makonyo, matupu,
kwa bei ya kubembelezana.
Akayapasua kwa patasi, akayalaza juani,
akapita juu yake na nyundo ya mbao, asubuhi hata adhuhuri,
mtaa mzima ukaumwa kichwa.
Bati likanyooka, lakini kwa shingo upande.
Ukiliacha bila jiwe juu yake
linaanza taratibu kurudi kwao.

Ubavu wa kushoto ulikwenda bila ugomvi.
Nilimpa chaki yangu ya kushonea, akapiga mstari,
makasi yakalia meno kwa meno,
ukingo akaukunja wanda mmoja usije ukamla mtoto,
drili, riveti, tak.
Drili, riveti, tak.
Ubavu wa kulia ukamla yeye: kidole gumba,
damu kwenye bati inayong'aa kama kitu kilichonunuliwa.

Tabu ilikuwa mbele, juu, paji linapoinama.
Karatasi ya kwanza ilipunjika, nusu shibiri.
Ya pili ilitosha, ila ilijikunja makunyanzi
kama kiwiko cha koti la kuazima.
Akaigonga. Kunyanzi likahama.
Akaligonga huko lilikohamia.
Nyundo ikaishia kwenye migomba
na mie nikaondoka kwenye cherehani.

Mimi sijui chuma. Najua bega.
Nimekata magauni ya maharusi huku kote mpaka Micheweni,
na bega halikatwi kama paja:
kitambaa kina upande kinaotaka kulala,
ukikilaza kwengine, kitakuaibisha mbele za watu.

Nikamwambia, limebaki la nane?
Limebaki. Sijalinyoosha.
Usilinyooshe.

Akanitazama kama ninamnyima chumvi.
Nikaviringisha karatasi ya kaki juu ya paji la tela,
nikaibana kwa pini za nguo, nikachora,
nikaacha nyanda mbili za pindo.
Pipa likapasuliwa mara moja tu, kwa mstari wangu,
likapandishwa na mgongo wake vilevile lilivyozaliwa nao,
likakaa.
Halikusukumwa. Lilikaa
kama kofia ya viua kichwani kwa mwenyewe.

Shaame hakunisifu.
Aliniomba chaki tena,
na riveti ya mwisho, ile ya pembeni,
akanipa drili nitie mie.

Sasa ni dago tena. Nje yananyesha ya kuziba masikio.
Bati likipata joto la pumzi zetu
linatoa harufu ya makonyo, kidogo,
kama mtu anayekumbuka kazi yake ya zamani.
Raya amelala chali, anahesabu riveti kwa tochi:
mia tatu na kumi na mbili, anasema,
na moja inavuja.

Ipi?

Ile ya pembeni, mama.

Shaame amegeukia ukutani. Mabega yanamtikisika.
Nanyoosha mkono gizani, natafuta kikombe.